Mfalme akifa, dini nayo inayumba: Waanglo-Saksoni walivyoingia Ukristo

Wengi wakisimulia jinsi Uingereza ilivyopata Ukristo husema mtawa Augustine kutoka Roma alitua Kent, ufalme wa kusini mashariki, mwaka 597, mfalme akabatizwa, na mambo yakaishia hapo. Lakini kazi ile iliporomoka mara 2 katika muda usiofika miaka 40, na mara zote chanzo kilikuwa kimoja. Asiyekijua chanzo hicho ataona karne ya 7 kama orodha tu ya wafalme wenye majina magumu.

Utawala wa Roma ulikoma Britania karibu mwaka 410. Katika karne hiyohiyo Waangli, Wasaksoni na Wajuti, ambao kwa pamoja ndio Waanglo-Saksoni, walianza kuvuka bahari kutoka pwani za Ujerumani ya kaskazini na Denmark ya leo. Hawakuwa askari peke yao. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba watu waliozikwa mashariki na kusini mwa Uingereza enzi hizo walikuwa na hadi asilimia 76 ya nasaba ya ng'ambo, na wanawake walihama pia. Walikuja na miungu yao. Kule Spong Hill, Norfolk, wanaakiolojia walifukua makaburi zaidi ya 2,000 ya majivu ya maiti yaliyotiwa vyunguni.

Papa Gregory I alipomtuma Augustine na wenzake wapatao 40, njia ilikuwa moja: umpate mfalme kwanza. Bila yeye hakuna ardhi ya kujenga kanisa, hakuna ulinzi njiani, hata chakula hakuna. Æthelberht wa Kent alikuwa rahisi kufikika kwa sababu mkewe Bertha, binti wa kifalme wa Wafranki, alikuwa tayari Mkristo na alisali katika kanisa la Mtakatifu Martin nje ya Canterbury, ambalo bado lipo na matofali ya Kirumi yanaonekana ukutani. Hata hivyo mfalme aliwapokea wageni mahali pa wazi, akihofia kurogwa ndani ya nyumba.

Mwaka 601 Gregory alituma maelekezo ambayo kwangu mimi ndiyo maandishi yenye busara kuliko yote ya misheni ile. Mahekalu yasibomolewe, bali sanamu zilizomo ziharibiwe. Majengo yanyunyizwe maji ya baraka, madhabahu zijengwe, masalia ya watakatifu yawekwe. Ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa miungu wachinjwe kwa karamu ya sikukuu ya kanisa, na watu wajijengee vibanda vya matawi kuzunguka kanisa. Alijua kwamba ukimnyang'anya mtu sikukuu yake bila kumpa nyingine, moyo wake hautakufuata.

Æthelberht alifariki 616. Mwanawe Eadbald hakuwa amebatizwa, akamwoa mke wa marehemu baba yake. Kule Essex wana wa mfalme Sæberht walimdai askofu Mellitus awape ule mkate mweupe wa ekaristi aliokuwa akimpa baba yao, lakini kubatizwa hawataki. Alipokataa, wakamfukuza. Maaskofu 2 kati ya 3 wakakimbilia Gaul, Ufaransa ya leo. Kaskazini ikawa vilevile: Edwin wa Northumbria alibatizwa York siku ya Pasaka 627, na Paulinus, askofu wa misheni ile, akakaa Yeavering, makazi ya mfalme, siku 36 akibatiza watu katika mto Glen. Edwin alipouawa vitani 633, Paulinus akarudi Kent kwa mashua, na warithi wa kiti wakairudia miungu ya zamani.

Kasoro ni kwamba watu walibatizwa kwa wingi kwa kumfuata mkubwa wao, kisha wakaachwa karibu bila walimu. Mfalme Rædwald wa Anglia Mashariki alibatizwa Kent, akarudi nyumbani na kuweka madhabahu 2 katika hekalu moja, ya Kristo na ya miungu. Kwake hapakuwa na mgongano wowote: aliongeza mungu mmoja.

Mtawa Aidan, aliyetoka Iona, kisiwa chenye monasteri huko Uskoti, mwaka 635 kwa mwito wa mfalme Oswald wa Northumbria na kukaa kisiwa cha Lindisfarne, alishika njia tofauti. Alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, fedha alizopewa akakombolea watumwa, na akachukua wavulana 12 Waingereza awafundishe. Oswald mwenyewe alimtafsiria. Oswald alipouawa 642, safari hii kanisa halikuanguka, kwa kuwa lilikuwa na watu wake.

Tatizo jipya likawa hesabu ya Pasaka. Watu wa Iona walitumia mzunguko wa miaka 84, na Jumapili yao iliweza kuangukia siku ya 14 hadi ya 20 ya mwezi mwandamo. Upande wa Roma mzunguko ulikuwa miaka 19, siku ya 15 hadi ya 21. Kwa hiyo siku ya 14 ikiwa Jumapili, hawa wanasherehekea na wale wanangoja wiki nzima. Nyumbani kwa mfalme Oswiu, ndugu na mrithi wa Oswald, ilitokea yeye kula Pasaka huku malkia Eanflæd, aliyelelewa Kent, akiwa bado anafunga na kuadhimisha Jumapili ya Matawi. Mwaka 664, kwenye mkutano wa Whitby, Oswiu aliamua kwa upande wa Roma.

Mwaka huohuo tauni iliua maaskofu kadhaa. Waliolijenga kanisa upya walitoka mbali: Theodore wa Tarsus, aliyefika 669 akiwa na miaka zaidi ya 65, na Hadrian, Mwafrika wa kaskazini, aliyekataa mwenyewe kuwa askofu mkuu wa Canterbury na kumpendekeza Theodore. Pamoja walifundisha Canterbury Kigiriki, Kilatini na hesabu za kalenda. Katika mkutano wa maaskofu huko Hertford Theodore akapitisha kanuni: askofu asiingilie jimbo la mwenzake, padri asizurure bila barua ya askofu wake, maaskofu wakutane kila mwaka. Tangu hapo kifo cha mfalme kiliweza kuleta vita, lakini hakikufunga tena makanisa.