Usiku nilioshangilia Simba

Mimi ni Yanga. Nalitanguliza hilo kwa sababu mpaka leo kijiweni kwetu Temeke kuna watu wananiita msaliti kwa jambo lililotokea Helsinki tarehe 15 Mei 2011, na hakuna aliyewahi kuniacha nijieleze mpaka mwisho.

Mwaka ule nilikuwa nasoma Finland, na kama wanafunzi wengi wa kigeni nilijikimu kwa kusambaza magazeti ya asubuhi. Saa nane usiku unachukua mkokoteni wako, unapakia mafungu yaliyoshushwa na gari, unaanza kupanda ngazi za maghorofa na kishada cha funguo kiunoni kama mlinzi wa gereza. Kule gazeti haliachwi nje. Mlango wa kila nyumba una tundu jembamba. Unasukuma gazeti, linaanguka ndani, pu, unaenda mlango wa pili. Kwa miezi minane sikuwa nimeuona uso wa mteja hata mmoja. Niliwajua kwa majina yaliyobandikwa juu ya tundu, na kwa mbwa wao.

Chumba cha jirani hosteli alikaa kijana wa Morogoro, Simba lialia. Jina lake silitaji, tuliitana mtani tu, yeye na mimi. Mwezi wa nne Yanga ilikuwa imebeba ubingwa wa ligi, kwa hiyo nilikuwa nimemfunga mdomo vizuri. Mwezi wa tano akanijia mbio korido nzima.

"Mtani, timu ya taifa ya hoki ya hapa inaitwaje?"

"Leijonat."

"Maana yake?"

Neno nilikuwa nalijua. Nikanyamaza.

"Sema, mtani!"

"Simba," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. Simba yuko kwenye nembo ya taifa la Finland, na timu imechukua jina hapo. Sasa nchi nzima, mabasi, maduka, mpaka pakiti za maziwa, zilijaa Simba, kwa sababu mashindano ya dunia yalikuwa yanachezwa Slovakia, na Finland ilikuwa haijawa bingwa tangu 1995.

Hoki ya barafuni, kwa asiyeijua, ni wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, na vipindi vitatu vya dakika 20. Wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea, kama abiria wanaodandia daladala isiyosimama. Wanachokigombania si mpira. Ni kisahani cheusi cha raba ngumu, kinaenda kasi mpaka jicho geni halikioni. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia nyuso za watu sebuleni ili nijue kisahani kiko wapi.

Lakini nusu fainali na Urusi, tarehe 13, hata mimi niliona. Kijana wa miaka 19, Mikael Granlund, alikuwa nyuma ya goli la Warusi. Nyuma kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili zake anatafuta wa kumpasia. Yeye akakiokota kisahani kwa bapa la gongo, kikalala juu yake kama chapati juu ya mwiko, akazunguka nacho hewani, akakitia wavuni juu ya bega la kipa. Mtangazaji akapiga kelele, "Taivas varjele!" yaani mbingu zitulinde. Mechi iliisha 3-0. Baadaye goli lile lilitolewa mpaka stempu ya posta.

Fainali ikawa ni Finland na Sweden. Hapo nikapumua. Sweden rangi zake ni bluu na njano, na njano ilinitosha. Nikamwambia mtani wangu wazi kuwa mimi leo niko na hawa, Simba sishangilii hata wakicheza na shetani.

Sebule ya hosteli ilikuwa imejaa Wafini, sisi wawili, na mzee mmoja fundi wa jengo aliyeingia na kofia yake akaiweka magotini. Kipindi cha kwanza hakuna goli. Cha pili, Magnus Pääjärvi akaifungia Sweden, na mimi nikapiga makofi. Peke yangu. Sijui kama mmewahi kupiga makofi peke yenu kwenye chumba cha Wafini. Hakuna aliyenitukana. Waligeuka tu, wakanitazama, wakarudi kwenye televisheni. Bora wangenitukana.

Kipindi kikiwa kinakata roho, zimebaki sekunde chache mno, Jarkko Immonen akasawazisha. Chumba kikalipuka, ila yule mzee hakuinuka. Kipindi cha tatu kilipoanza tu Nokelainen akafunga, muda si muda Kapanen naye. Tatu moja. Vijana wanakumbatiana, mzee anaminya kofia. Nikamuuliza Kiingereza, mbona hufurahi, mzee wangu? Akanionyesha vidole vitano, halafu kimoja.

"2003," akasema. "Hapahapa Helsinki."

Msichana aliyekaa kwenye zulia ndiye aliyenifafanulia. Robo fainali ya mwaka ule Finland iliongoza 5-1 dhidi ya hao hao Sweden, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Wakafungwa 6-5. Na mwaka 2006, fainali ya Olimpiki kule Torino, Sweden tena, 3-2. Ongeza kwamba Sweden iliitawala nchi yao kwa karne kadhaa, mpaka 1809.

Nikamtazama tena yule mzee, nikamwona marehemu baba.

Mtu wa Yanga ukimtajia namba sita kwenye mechi ya watani, huna haja ya kuendelea. Mwaka 1977 Simba walitupiga 6-0, na Kibadeni peke yake alifunga matatu. Baba alikuwepo uwanjani. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nililelewa na ile mechi. Mzee hata Yanga ikiongoza mbili bila alikuwa anakaa hivyohivyo, redio sikioni, mkono umeminya kitu, anasubiri balaa. Kufungwa na mgeni unasahau. Kufungwa na mtani kunakaa ndani ya nyumba na wewe, kunakula na wewe.

Basi kilichofuata sikukipanga. Pesonen alipofunga la nne niligundua nimesimama. La tano, Pyörälä, nilikuwa nimemshika mzee bega. La sita akafunga Pihlström, na hapo, kwa mdomo wangu huu uliolishwa na baba wa Jangwani, nikapiga ukelele: "Simba! Simba!" Kwa Kiswahili. Mtani wangu alikuwa ameshatoa simu. Picha ilifika Temeke kabla kombe halijakabidhiwa.

Sita moja. Mzee akavaa kofia yake, akanipa mkono, akatoka bila neno.

Nilielekea kazini katikati ya mji uliopagawa. Watu waliingia kwenye chemchemi ya sanamu ya Havis Amanda na baridi yote ile, magari yanapiga honi, mtu mzima na suti amelala chali kwenye reli za tramu anaimba. Magazeti yalichelewa. Yalikuja na joto la mtambo bado, na wino wake ulinitia weusi mpaka kwenye viwiko. Jengo la kwanza lifti mbovu. Kufika saa kumi na nusu kulikuwa kumepambazuka, maana Mei kule usiku ni kama haupo, nami sikuwa nimefika hata nusu ya njia yangu. Kesho yake mapokezi ya timu kwenye uwanja wa soko wa Kauppatori yalihudhuriwa na watu wanaokadiriwa 100,000. Mimi nilikuwa nimelala.

Ila nakumbuka mlango mmoja, ghorofa ya nne. Humo hakuna mbwa, na kila siku kulikuwa kimya kama kaburini. Nikainama, nikapeleka gazeti kwenye tundu, na kabla sijasukuma vikatoka vidole. Vinne, vya kizee, kucha zimekatwa fupi, pete ya ndoa imezama nyamani. Vikalishika gazeti, vikalivuta polepole ili lisichanike, likapotelea ndani.

Sikuondoka. Nilisikia karatasi ikikunjuliwa pale pale, nyuma ya mlango, halafu sauti ya bibi ikisoma kwa Kifini ile sita moja, kwa taratibu kama anayehesabu fedha.

"Kuusi, yksi."

Kimya kidogo. Akarudia.

"Kuusi, yksi."

Nikainua mkokoteni wangu. Nilikuwa bado na majengo matano.