Jina si langu

Leo saa nne asubuhi nimepewa karatasi nikaibandike ubaoni. Tangazo la msimamizi mpya wa ghala.

Jina si langu.

Mwaka jana karibu wote nimekaimu nafasi hiyo, bila hata posho ya kukaimu, naambiwa "vumilia dada, lako linakuja." Kijana aliyepewa nimemfundisha mimi kufunga hesabu za mzigo. Mchapakazi, nisimsingizie.

Nikamfuata bosi. Usaili ulifanyika lini? Hapakuwa na usaili, "kamati ilikaa." Vigezo je? Akapekuapekua faili ambalo halikuwa na haja ya kupekuliwa, kisha akasema: "Mwaka huu hujaonekana sana kazini."

Sijaonekana.

Siku 84 za likizo ya uzazi, basi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo iliyonipa siku hizo, na hiyo hiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Nilitaka kumwambia. Mdomo ukawa mzito, nikajibu "sawa bosi," nikatoka.

Kinachonikera zaidi ni ile selotepu. Nimepita ubaoni nikakuta pembe moja ya tangazo inabanduka. Nami, mjinga mimi, nikasimama nikaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Sasa niko kwenye daladala, maziwa yamejaa, blauzi imelowa, foleni haisogei.

Jamani, mliopitia haya mlifanyaje? Niandike barua kuomba vigezo kwa maandishi, au nitaonekana mkorofi? Semeni, nasoma zote.