Kwenda Kisumu Kumwona Kipa

Tulipatana tuondoke Nakuru saa kumi na mbili alfajiri. Tuliondoka saa moja kasorobo, kwa sababu Daktari alisahau fulana yake ya Ingwe, yaani AFC Leopards, nyumbani na akakataa katakata kupanda gari bila hiyo. Hakuna aliyemlaumu. Mimi ya kwangu, ya kijani ya Gor Mahia, nilikuwa nimeivaa tangu usiku.

Tulikuwa tisa ndani ya matatu ya kukodi, wote tuliosoma Egerton, pale Njoro, miaka ileile. Daktari ni wa mifugo. Mwalimu anafundisha sekondari huko Molo. Mimi nina duka la pembejeo na dawa za ng'ombe. Wengine sitawataja kazi zao, ila nitasema timu zetu sote tisa: watano Gor Mahia, watatu AFC Leopards, na mmoja ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akisema hana timu ilhali hukasirika Gor ikifunga.

Tulikuwa tunakwenda kumwona Kipa. Chuoni alisimama golini miaka yote, na jina likamganda. Mwezi wa tatu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Kabla ya hapo, kila Jumatatu asubuhi simu zetu zilikuwa zinalia kwa sababu yake: nani kafunga, nani kakosa penalti, nani anunuliwe chai. Baada ya mwezi wa tatu Jumatatu zikawa kimya, na sisi wenyewe tukawa tunaandika kidogo, kama watu walio kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ndipo Mwalimu akasema: Jumapili ya mechi ya Mashemeji, Gor na Leopards, twendeni tukaitazame kwake.

Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi, barabara inapanda. Salgaa malori yalikuwa yamepanga foleni, madereva wakinywa chai kwenye vibanda. Kisha Sachang'wan. Pale, mwisho wa Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya mia moja wakafa. Mwalimu alivua kofia. Hapakuwa na mazungumzo mpaka tulipofika Mau Summit na dereva akakata kushoto, njia ya Kericho.

Baridi ya huko juu unaijua kwa vioo. Vilishika ukungu, na Daktari akaandika kwa kidole kwenye kioo chake: 5–3. Hiyo ndiyo silaha yake. Leopards wamechukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tano: 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997. Gor mara tatu: 1980, 1981 na 1985. Nikapumulia kioo changu, nikaandika 1987.

Sikuhitaji kuongeza neno. Mwaka huo Gor walikwenda Tunis kucheza na Espérance fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakatoka 2–2. Marudiano Nairobi yakaisha 1–1. Mabao mawili ya ugenini yakatosha, na kombe la bara likaja Kenya. Nilikuwa mtoto, tunakaa Kaloleni, hapo Nakuru. Baba alikuwa ameiweka redio juu ya meza ya kulia chakula, mahali ambapo haikuwa ruhusa kuweka kitu chochote, na akatukataza tusipumue kwa nguvu. Filimbi ya mwisho ilipolia alitoka nje bila viatu. Sijawahi kumwona tena baba yangu akitembea barabarani bila viatu.

"Na mwaka huohuo," Mwalimu akadakia, "ndio Egerton ilifanywa chuo kikuu."

Ni kweli. Shule ya kilimo iliyoanzishwa 1939 ilipata hadhi hiyo 1987. Wana-Gor tuliona ni ushahidi, ingawa sikumbuki ushahidi wa nini.

Dereva wetu ni mzee wa Bondeni, mtu wa maneno machache. Alikuwa amenyamaza tangu Nakuru. Tulipopita Londiani Junction, mahali ambapo lori liliwavamia wachuuzi na wasafiri jioni ya tarehe 30 Juni 2023 na kuua watu zaidi ya hamsini, alipunguza mwendo hata pasipokuwa na tuta. Mbele kidogo akauliza, "Nyinyi wasomi. Ligi ya kwanza kabisa ya Kenya, 1963, ilichukuliwa na nani?"

Kimya.

"Nakuru All-Stars," akasema. "Na 1969 tena. Si Gor, si Leopards. Endeleeni."

Nilimtazama shingo yake kwa nyuma, na kofia ile ya sufi, nikamheshimu sana. Kuna watu hubeba timu iliyopotea machoni pa watu kwa miaka hamsini na zaidi bila kuitangaza.

Hapo ndipo mazungumzo yakarudi kwa Kipa, maana mwaka wetu wa kwanza chuoni ulikuwa 1998, mwaka ambao Leopards walitwaa ligi. Kipa alijifunga leso yenye madoa ya chui akazunguka mabweni yote akiimba. Sisi wa Gor tulikuwa tunaishi na kombe la 1995, na hatukujua kwamba la kufuata lingekuja 2013. Miaka kumi na minane! Nilimaliza chuo, nikaajiriwa, nikaolewa, nikazaa, nikaacha kazi, nikafungua duka, na Gor bado. Leo Daktari akinitajia makombe ya Afrika Mashariki na Kati namhesabia ligi zaidi ya ishirini, lakini wakati ule sikuwa na la kuhesabu.

Kila Gor walipofungwa, nilikuwa nikifungua mlango wa chumba changu nakuta mandazi mawili yamefungwa kwenye gazeti. Yalikuwa ya mama mmoja aliyeuza karibu na lango, yenye iliki nyingi mpaka unga unaonekana madoadoa meusi. Juu ya gazeti Kipa alikuwa ameandika kwa kalamu: Pole shemeji. Siku Leopards wakifungwa hakutaka kuonwa na mtu, lakini siku zetu za msiba hakukosa hata moja. Mwenyewe ni Mluhya na alikuja kuoa Mjaluo, dada yetu kabisa, kwa hiyo shemeji lilianza kama utani wa mechi likaishia kuwa kweli. Mechi yenyewe inaitwa Mashemeji kwa sababu hiyohiyo: jamii hizi mbili, Waluo wa Gor na Waluhya wa Leopards, zimeoana kiasi kwamba ukimtukana mpinzani, huenda unamtukana mjomba wa watoto wako.

Nilikuwa nimenunua mandazi asubuhi Nakuru. Yalikuwa kwenye begi miguuni pangu, na kila gari liliporuka shimo niliyashika.

Kericho hatukukaa. Chai imetandaza kijani chake pande zote mbili za barabara, imekatwa sawasawa kama zulia. Daktari akaonyesha mashine ikivuna sehemu ambayo zamani wangekuwa watu wenye vikapu mgongoni, na tukabishana kidogo. Mimi nasimama na wachumaji. Mashine haichagui majani mawili na kichipukizi, inafyeka tu, na mama aliyekuwa akilipia karo kwa kikapu hicho anabaki na mkono mtupu.

Baada ya Kapsoit barabara inaanza kushuka na joto linapanda kukulaki. Masweta yakavuliwa moja moja. Masikio yakaziba, yakazibuka. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu iko 1,130 hivi, na tofauti hiyo mwili unaisoma wenyewe.

Karibu na Awasi tairi likapata pancha. La akiba nalo halikuwa na upepo. Dereva alikasirika kimya kimya, akayapakia yote mawili kwa bodaboda mbili kwenda kuzibwa Ahero, na sisi tukakaa chini ya mti saa moja na nusu tukitafuna miwa. Nilikuwa na wasiwasi, maana mechi ilikuwa saa tisa. Daktari alitembea huku na huku akitazama saa, na mara ya tatu nikamwona amesimama nyuma ya gari anafuta macho kwa ncha ya fulana ya Ingwe. Yeye na Kipa walilala chumba kimoja miaka yote ya chuo. Sikumwendea. Nilimwachia kipande cha muwa juu ya bampa.

Ahero tuliuona mpunga, na watoto waliosimama kwenye matuta wakifukuza ndege kwa kombeo na kelele. Halafu Nyamasaria, halafu Kondele na msongamano wake, halafu tukapanda Mamboleo, tukaupita uwanja wa Jomo Kenyatta, ule uliofanyiwa sherehe za Madaraka 2021. Nyumba ya Kipa iko mbele kidogo. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Mkewe alitupokea mlangoni. "Karibuni, mashemeji. Amevaa tangu asubuhi."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito pande zote, fulana ya Leopards imempwaya. Amekonda. Upande mmoja wa uso umeshuka kidogo. Tulimsalimu mmoja mmoja, akatushika kwa mkono wa kushoto, na kila aliyeshikwa hakujua aseme nini. Watu tuliokuwa tumepayuka kutoka Salgaa hadi Awasi tukakaa kama wageni wa posa. Runinga ndiyo iliyotuokoa. Timu zikaingia, na mmoja wetu akasema kijani inapendeza, na Daktari akasema kijani ni rangi ya majani ya ng'ombe, anajua kwa sababu ndiyo kazi yake, na chumba kikapata pumzi.

Nilifungua begi. Yale mandazi nilikuwa nimeyafunga kwenye gazeti makusudi, na juu yake nimeandika kwa kalamu. Nikamwekea mapajani. Aliyatazama maandishi muda mrefu. Akachukua andazi kwa mkono wa kushoto, akauma, akatafuna polepole upande mmoja. Tukamsubiri. Mdomo ukahangaika, ukafunguka, ukafunga. Mkewe akasogea, nikamwonyesha kwa kichwa asimsaidie.

"Hayana," akasema. Akapumzika. "Hayana iliki."

Mkewe akaweka mkono kinywani. Baadaye jikoni aliniambia kwamba tangu mwezi wa tatu alikuwa akisema neno mojamoja tu: maji, ndiyo, basi.

Wakati wa mapumziko chakula kikaletwa: samaki ngege wa mchuzi, ugali, mboga ya osuga. Tulinawa, tukakaa kuzunguka meza fupi. Daktari alikuwa ameketi kando ya Kipa, na alikuwa amerudia ya 1998, safu ya ulinzi, kikosi kizima, jinsi sisi wa Gor tulivyokuwa tunajificha maktaba. Mwalimu alikuwa anampinga kwa sauti. Na Daktari, huku anajibu, huku anahesabu vidole, alikuwa anachambua miiba ya samaki na kuipanga ukingoni mwa sahani, mwiba baada ya mwiba, kisha anausukuma mnofu upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wa Kipa ungeufikia. Kipa alikula bila kuangalia chini. Macho yake yalikuwa kwenye runinga, maana kipindi cha pili kilikuwa kimeanza.