Nilivyounganisha skrini mbili za 4K na laptopu yangu, Lamu

Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba za kale za mji wa Lamu kabla mafundi hawajaanza kuzikarabati. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wenye zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, hauchorwi kwa kukisia. Nilitaka ramani skrini moja, picha za ukuta skrini ya pili, na laptopu ibaki na barua pepe.

Skrini zilikuja kwa basi hadi Mokowe, zikavushwa kwa boti, hamali akazifikisha nyumbani kwa mkokoteni. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Ya kwanza niliichomeka kwenye tundu la HDMI. Ikawaka vizuri, ila kishale kilikuwa kizito, kinaburura kama kimefungwa jiwe. Kwenye mipangilio nikakuta Hz 30, yaani picha inabadilishwa mara 30 kwa sekunde. Skrini ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, na HDMI 1.4 ya laptopu yangu haiwezi kuzisukuma zote zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Kwa mara 60 inatakiwa HDMI 2.0. Kubadilisha waya hakusaidii, tundu ndilo lenye mpaka.

Duka moja likaniuzia adapta ya USB-C yenye matundu chungu nzima, nikahakikishiwa itafanya kila kitu. Ikatoa Hz 30 zile zile. Ndani ya USB-C mna njia nne za kasi, na adapta ya aina hii huzigawa: mbili za picha, mbili za flashi na vinginevyo. Kwa DisplayPort 1.2, mfumo wa kupitisha picha unaotumika humo, njia mbili hazitoshi 4K ya Hz 60. Muuzaji hana habari na haya; kwake tundu likiingia, basi linafanya kazi.

Kilichonifaa kilikuwa ubavuni mwa laptopu muda wote: alama ndogo ya radi kando ya tundu la USB-C. Hiyo ni Thunderbolt 3, inayopitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na inabeba 4K mbili za Hz 60. Nikaagiza doki ya Thunderbolt, kisanduku cha matundu kinachounganishwa na laptopu kwa waya mmoja, na skrini zote mbili nikazipitishia DisplayPort. Nikawasha. Giza.

Mpwa wangu akauvuta waya uliotoka kwenye doki, akageuza kichwa cha waya.

"Mjomba, huu si wa kuchajia simu?"

Kumbe wa doki, wenye alama ya radi, alikuwa ameuchomoa yeye mwenyewe usiku kuchajia simu yake, akanirudishia mwingine. Kuurudisha tu, skrini zote zikawaka, Hz 60 kila moja. Nikachagua kupanua eneo la kazi badala ya kurudufu picha, na maandishi nikayakuza hadi asilimia 150, maana kwa 4K menyu za programu ya kuchorea huwa ndogo kama sisimizi.

Jirani mwenye MacBook Air ya M1 aliiazima doki yangu, akapata skrini moja tu. Mashine ile imewekewa mpaka wa skrini moja ya nje; akitaka ya pili itambidi atumie adapta ya DisplayLink pamoja na programu yake, ambayo hupitisha picha kama data ya USB. Kwa maandishi inatosha. Kwa video nyingi mimi nisingeitegemea.