Picha ya Habari na Maelezo Yake: Nyenzo za Bure za Kufundishia Kiingereza

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata na papo hapo ni mlezi wa klabu ya habari ya wanafunzi. Walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara wapi wanaweza kupata nyenzo za bure za kuinua Kiingereza cha wanafunzi, na wapi watapata nyingine za kuwafundisha upigaji wa picha za habari. Nyenzo zipo, tena ni nyingi, na nitazitaja zile ninazozitumia na kuziamini. Kabla ya hapo ningependa kueleza kwa nini nimeacha kuzipanga katika mafungu mawili, moja la lugha na jingine la kamera, maana kwa maoni yangu mpangilio huo ndio unaosababisha nyenzo nzuri zikae bila kuleta matunda.

Mwanafunzi anayetoka katika shule zetu za msingi za serikali amesoma kwa Kiswahili, na anapoingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Anayajua maneno kadhaa, anazijua kanuni kadhaa za sarufi, ila hana jambo lake mwenyewe la kusema kwa lugha hiyo. Ukimpa insha juu ya umuhimu wa elimu, atakuandikia sentensi alizokariri, na wewe utasahihisha sentensi ambazo si zake. Mwoneshe picha ya mama anayepima dagaa kwa kopo huku mnunuzi ameushika ukingo wa kopo hilo kwa vidole viwili, umtake aeleze kinachotokea, naye atalazimika kutafuta kitenzi kinachofaa, tena atakitafuta kwa hamu kwa sababu anaona wazi kwamba mnunuzi hakiamini kipimo.

Kwa upande wa pili, mwanafunzi mwenye jicho zuri la picha hajaimaliza kazi ya mwanahabari mpaka aandike maelezo ya picha. Maelezo hayo yana masharti makali. Katika mtindo unaofuatwa na shirika la habari la Associated Press, sentensi ya kwanza huwa katika wakati uliopo na hutaja nani anafanya nini, wapi na lini, kisha sentensi ya pili huongeza usuli unaomwezesha msomaji kuelewa kwa nini tukio hilo lina maana. Katika sentensi hizo mbili mwalimu wa lugha anapata karibu kila anachokihangaikia: nyakati za vitenzi, umoja na wingi, tahajia ya majina, na viwakilishi vya mwanamume na mwanamke ambavyo wanafunzi wetu huvichanganya kila siku. Anayeandika kwamba mwanamume ndiye aliyebeba ndoo, ilhali ni mwanamke, anarudishwa kwenye picha, si kwenye kitabu cha sarufi, na picha inamsahihisha.

Hazina ninayoitumia zaidi ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kuanzia mwaka 1935 hadi miaka ya mwanzo ya 1940, serikali ya Marekani iliwaajiri wapigapicha waandike kwa kamera maisha ya wakulima na vibarua walioathirika na mdororo mkuu wa uchumi, chini ya uongozi wa Roy Stryker. Negativi zao za rangi nyeusi na nyeupe, yaani filamu za kamera ambazo picha huchapwa kutoka kwake, takriban 175,000, zimehifadhiwa katika maktaba hiyo na zinapatikana mtandaoni bila malipo. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya serikali, kwa kawaida mwalimu anaweza kuzichapa, kuzibandika ukutani na kuzigawa darasani bila kuvunja hakimiliki. Picha nyingi zina maelezo mafupi ya Kiingereza rahisi, yenye mahali na tarehe, ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anayamudu.

Huwa ninaanza na picha maarufu ya Dorothea Lange, mmoja wa wapigapicha hao, aliyoipiga mwaka 1936 huko Nipomo, California: mama amelishika shavu kwa mkono, watoto wawili wamegeuza nyuso zao mabegani mwake, na mtoto mchanga amelala mapajani. Kwanza wanafunzi hutazama bila maelezo na kuandika sentensi zao. Kisha ninawapa maelezo yaliyohifadhiwa pamoja na picha, ambayo kwa Kiswahili ni kusema kwamba hawa ni wachuma njegere mafukara, na kwamba mama huyo ana watoto saba na umri wa miaka 32. Ninawauliza kinachokosekana. Darasa ambalo tayari limejifunza masharti ya maelezo ya picha huligundua pengo mara moja, yaani jina la mama halipo. Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza jina. Dunia ilikuja kufahamu kwamba aliitwa Florence Owens Thompson mwaka 1978 tu, zaidi ya miaka 40 baada ya uso wake kujulikana kila mahali, na yeye alipozungumza na waandishi alilalamika kwamba hakuulizwa jina wala hakufaidika na picha hiyo kwa chochote. Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba kuuliza jina, na kulihakiki herufi kwa herufi, ni sehemu ya heshima anayostahili mtu anayepigwa picha.

Somo haliishii hapo. Maktaba hiyo inazo pia picha nyingine ambazo Lange alizipiga katika hema lilelile, na mwanafunzi anaweza kuziweka pamoja na kuona jinsi mpigapicha alivyoanza mbali, hema lote likionekana, kisha akasogea mpaka zikabaki nyuso na mkono. Ninawataka waandike aya moja ya Kiingereza inayoeleza kila picha inaonesha nini na inaacha nini nje ya fremu. Katika negativi ya picha ile maarufu, kidole gumba kilichotokeza pembeni kilififishwa baadaye, na mjadala wa kama kufanya hivyo ni halali katika picha ya habari umewahi kulitoa jasho darasa langu zima, wasichana wawili wakimtetea Lange na wengine wote wakimpinga, wote kwa Kiingereza cha kuungaunga ambacho mimi nilikifurahia kuliko insha yoyote iliyonyooka. Zipo pia negativi zilizotobolewa tundu, kwa maana Stryker alikuwa akizitoboa zile alizozikataa, na kumuuliza mwanafunzi kwa nini fremu fulani ilikataliwa ni njia nzuri ya kumfundisha kuchagua.

Hata hivyo, si vizuri watoto wetu wadhani kwamba picha za habari ni mambo ya Marekani. Mpigapicha wa habari Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanza kupiga picha akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na ni Dar es Salaam hiyohiyo alikoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Picha alizozichukua Korem, Ethiopia, mwaka 1984 ndizo zilizoiamsha dunia kuhusu njaa iliyokuwa ikiua watu huko. Alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini, na akafariki mwaka 1996 katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Maelfu ya picha zake yamewekwa katika Google Arts & Culture pamoja na maelezo ya Kiingereza, na yeyote anaweza kuyatazama bure. Zina hakimiliki, kwa hiyo tunazitazama na kuzijadili, hatuzichapi. Mwanafunzi wa Temeke au wa Eastleigh anayesoma habari za mtu aliyetembea katika mitaa anayoijua husoma Kiingereza kirefu bila kuhesabu kurasa zilizobaki.

Kwa mazoezi ya kila wiki, hakuna kinachonisaidia kuliko The Learning Network, sehemu ya gazeti la The New York Times iliyotengwa kwa ajili ya shule. Humo kuna safu inayotoa picha ya habari iliyoondolewa maelezo yake, na siku chache baadaye maelezo kamili huwekwa. Maswali ya kuongoza mjadala ni matatu tu: nini kinaendelea katika picha hii, umeona nini kinachokufanya useme hivyo, na ni kipi zaidi unachoweza kukiona. Swali la pili ndilo lenye nguvu. Linamzuia mwanafunzi kukisia ovyo na linamfundisha kuunganisha dai na ushahidi kwa Kiingereza, ustadi atakaouhitaji hadi chuo kikuu. Kwa wale walio tayari kusimama mbele ya picha ngumu, kumbukumbu za World Press Photo, shindano lililoanza Uholanzi mwaka 1955, ziko wazi mtandaoni na maelezo yake ni marefu na yameandikwa kwa uangalifu. Mwalimu azipitie kwanza peke yake, kwa kuwa nyingine zinaonesha maiti na majeraha.

Masikio nayo yanahitaji kazi. VOA Learning English, huduma ya kujifunza Kiingereza ya redio ya Sauti ya Amerika, ilianza mwaka 1959 kwa msamiati wa takriban maneno 1,500 na usomaji wa polepole, na habari zilizoandikwa na VOA yenyewe hazifungwi na hakimiliki, hivyo zinaweza kurudufiwa kwa darasa zima. Kazi ya VOA ilikatizwa Machi 2025 kwa hatua ya serikali ya Marekani, jambo lililoniuma sana, na kwa sababu hiyo ninamsihi kila mwalimu anayezikuta sauti na maandishi ya zamani azipakue na kuzihifadhi. BBC Learning English inaendelea, na kipindi chake cha dakika sita huambatana na maandishi ya mazungumzo yote, ambayo mwanafunzi anaweza kuyafuata kwa kidole huku akisikiliza. British Council nayo ina mazoezi yaliyopangwa kwa viwango. Kwa wanafunzi walioachwa nyuma kabisa, hadithi za African Storybook, ambazo zina michoro na hupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, huwarudisha kwenye kusoma bila kuwaaibisha. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka kuingia katika taaluma yenyewe anafaa kuitafuta kozi ya Kiingereza cha uandishi wa habari iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Kizuizi kikubwa, kama kila mwalimu wa hapa nchini anavyojua, ni bando. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo kila kitu hupita katika simu ya mwalimu au kompyuta moja ya ofisini. Maktaba ya Bunge la Marekani hutoa kila picha katika ukubwa mbalimbali. Chagua faili dogo la JPEG, maana lile la TIFF linaweza kula makumi ya megabaiti kwa picha moja ilhali lile dogo linatosha kwa karatasi ya darasani. Programu ya Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiingereza chepesi mara moja na kuisoma baadaye bila intaneti. Sauti za BBC na maandishi yake ninaziweka katika flashi, na flashi hiyo huzunguka kwa walimu wa shule jirani.

Kamera yetu ni simu yangu, na inatosha. Kabla ya kwenda sokoni au uwanjani, klabu huandaa orodha ya mambo ya kutafuta, kama Stryker alivyokuwa akiwapa wapigapicha wake: mikono inayofanya kazi, mtu anayesubiri, kitu kinachobadilishana mikono, tangazo la ukutani. Orodha huandikwa kwa Kiingereza. Mmoja hupiga picha, wa pili huomba ridhaa kwa Kiswahili na kuandika jina, kazi na umri wa mhusika katika daftari, wa tatu huangalia saa na mahali. Tukirudi, kila picha inayoteuliwa kwa gazeti la ukutani hupewa sentensi zake mbili, na haipandishwi ukutani mpaka wanafunzi wawili ambao hawakuwapo sokoni wasome sentensi hizo na kuuliza maswali yao. Maswali hayo mara nyingi humrudisha mwandishi kwenye daftari, na wakati mwingine humrudisha sokoni kesho yake kuuliza kwa nini bei ya dagaa ilipanda wiki ile.