Sikio, dubu na saa moja: siku yangu ya kusomesha Kijapani Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nishaswali, birika liko motoni na kadi za kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya China, nimezitandaza juu ya meza ya kulia. Darasa la asubuhi leo linaingia somo la kusoma saa, nami nalihofia somo hilo kuliko kanji zote.

Saa kumi na mbili na nusu. Jirani yangu hunipa lifti kwa Probox yake kutoka Kisauni. Akiwasha tu, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Miaka mitatu mzee huyu aliamini anasalimiwa. Siku niliyomwambia kwamba bibi huyo analalamikia kadi ya kulipia barabara za Japani, kwamba haijaingizwa, alinyamaza mpaka tukafika daraja la Nyali. "Kumbe hata salamu si salamu," akasema. Tangu hapo humjibu kila asubuhi: "Sina, mama, sina."

Watu huniuliza Kijapani nakitangazaje katika mji huu. Situndiki taa za karatasi wala picha za maua ya mcheri. Lugha yenyewe ilishashuka bandarini zamani, imepanda ndani ya magari. Hata kituo cha pili cha makontena, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika 2016, kimejengwa kwa mkopo wa Japani. Kazi yangu ni kuwaambia watu kile wanachokisikia kila siku.

Saa mbili. Wanafunzi wanane: makarani wawili wa kutoa mizigo bandarini, waongoza watalii watano, na binti aliyemaliza kidato cha nne, mpenzi wa katuni za Kijapani. Matamshi hayatusumbui. Vokali zao ni tano kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia kwa vokali. Ukishazijua herufi 46 za hiragana unasoma kama mtoto wa Osaka. Shida ni urefu wa sauti. Obasan ni shangazi, obāsan ni bibi, mzaa mama au mzaa baba. Mwongozaji mmoja aliuvuta huo mkia mbele ya mgeni wa makamo, akamfanya ajuza papo hapo. Bakshishi ya siku hiyo haikufika nauli.

Kisha saa. Namwambia karani: "Sema meli inafika saa moja asubuhi." Anajibu bila kusita: ichi-ji. Ichi ni moja, ji ni saa, neno hata moja hajakosea, na meli yake imetia nanga saa saba usiku. Sisi twahesabu tangu jua kuchomoza, wao wahesabu tangu usiku wa manane, na mtoto wa Kiswahili anayajua hayo kwa Kiingereza tangu chekechea. Lakini Kijapani anakipitisha kwenye Kiswahili moja kwa moja, kinatoka na majira yetu. Kwa kweli mimi hufurahi kosa hilo linapotokea: lina maana kwamba anafikiri kwa lugha yake. Dawa niliyoipata ni moja, kuwaonyesha simu. Soma tarakimu, usitafsiri: 7:00, shichi-ji.

Na hapo niliposema "mimi", nimetaja sikio. Kwa Kijapani mimi ni sikio, na darasa hili halijachoka na mzaha huo. Neno lao la dubu silitamki kabisa. Naliandika ubaoni, nageuka dirishani, nangoja kicheko kiishe. Lina silabi mbili, na marehemu mama angenitia pilipili mdomoni.

Saa sita. Mahamri na mbaazi, halafu kazi inayolipa kodi ya darasa: kutafsiri karatasi za mnada wa magari. Leo kijana amekuja na picha kwenye simu. Muuzaji kamwambia gari ni safi. Karatasi ina mchoro wa gari na herufi ndogo kila upande: A mkwaruzo, U kubonyea, S kutu, na tarakimu ya kuonyesha ukubwa. Kwenye boneti pameandikwa XX, yaani limebadilishwa. Juu kuna kisanduku: 修復歴, historia ya kutengenezwa mifupa ya gari baada ya kuumia. Mbele yake herufi moja imezungushiwa duara, 有. Ipo. Ingekuwa 無, haipo, ningemwambia alipe. Aliivuta picha kwa vidole mpaka herufi ile ikajaza kioo kizima. "Hii tu, mwalimu?" Hii tu. Akaniomba nimrekodie kakake ujumbe wa sauti, kwa sababu yeye hataaminiwa.

Saa nane niko kwenye klabu ya shule ya msingi. Nilikuja na somo la kuvua viatu mlangoni, wakanitazama: nani kwao anakanyaga mkeka na viatu? Nikasema wanafunzi wa Japani hufagia madarasa yao wenyewe. "Kwani hiyo si zamu?" Basi tukakunja karatasi tukatengeneza ndege.

Saa kumi na moja. Mama mmoja ananingoja. Wakala kamwambia miezi mitatu ya lugha yatosha, mwanawe apate kazi ya kuhudumia wazee Japani. Viza ya wenye ujuzi maalumu ipo kweli, ilianza 2019, lakini lugha wanayodai kwa kawaida ni kiwango cha N4, cha pili kutoka chini katika mtihani wa Kijapani uitwao JLPT, au mtihani unaolingana nacho. Kwa miezi mitatu mimi hushukuru mtu akivuka N5, ya chini kabisa, inayotaka alama 80 kati ya 180. Na huo JLPT wenyewe ni wa kuchagua majibu tu, hauna kuzungumza; mtu anaweza kuufaulu akashindwa kuomba maji. Nilimwambia yote hayo. Pesa alikuwa ameshalipa.

Saa tatu usiku, madaftari. Binti wa katuni ameandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Shichi-ji ni okimasu." Sarufi haina doa. Shichi ni saba. Ama ameelewa somo la leo na huamka saa moja asubuhi, ama hajaelewa na huamka saa saba mchana. Nami kwa ninavyomjua, siwezi kuapa. Nimetia vema, na alama ya kuuliza kando.