Wiki sita za hogo mkononi, na kibanda sikukifunga

Masika ya mwaka jana niliteleza barazani kwangu nikiwa na ndoo ya maji, nikaangukia kiganja cha kulia. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Hospitali wakanifunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia chini ya kiwiko hadi usawa wa vidole, wakaniambia wiki sita. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, kibanda changu kiko jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Nafanyia kazi simu tatu: vitochi viwili (simu ndogo za vitufe) vya miamala na simu janja moja ya kuwasiliana na wateja na wanaoniuzia floti, yaani salio la kufanyia miamala. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia nifunge mpaka nipone. Kodi ya fremu nalipa mimi, kwa hiyo siku ya tatu nilifungua.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ulitoka kwa shemeji yangu, tena kwa nia njema kabisa. "Shemeji, unajitesa bure. Si umpe mtoto akubonyezee?" Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa darasa la sita. Nikamjibu kwamba namba ya siri ya wakala si kitu cha kumtwika mtoto. Siku pesa ikipotea atabeba lawama isiyo yake, na hata isipopotea, wateja wakishajua mtoto anaijua, kuna atakayemfuata njiani akitoka shule. Wakala mwenzangu akiumia, akubali kila msaada: wa kufagia, wa kuandika daftari, wa kuhesabu noti. Wa namba ya siri aukatae, hata atoke kwa nani.

Ushauri wa pili niliufuata, na nikaujutia. Niliambiwa nibane simu kwa vidole vilivyochomoza kwenye hogo ili "vizoee", halafu nibonyeze kwa kushoto. Nilifanya hivyo siku mbili. Jioni ya pili vidole vilikuwa vimejaa, ngozi inang'aa, na pete ya ndoa ilishatolewa hospitali, la sivyo ingekatwa. Nesi aliponiona alinikaripia. Kukunja na kukunjua vidole vikiwa vitupu, ndiyo, tena mara nyingi kwa siku. Kubeba navyo kitu, hapana. Na mkono uinuliwe juu ya mto kila ninapokaa. Akaniambia vidole vikifa ganzi, vikipauka au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nisisubiri tarehe ya kliniki, nirudi siku hiyohiyo. Nikanunua mto mdogo, nikauweka juu ya kaunta, na mkono ukakaa hapo wiki zote sita.

Usiku ule nilikaa nikafikiri kitu ambacho hakuna mshauri aliyenitajia. Kubonyeza kunahitaji kidole kimoja tu. Mkono wa pili kazi yake ni kushika. Kwa hiyo sikuwa nimepungukiwa na kidole cha kubonyeza, nilikuwa nimepungukiwa na mshikaji, na mshikaji si lazima awe mkono.

Kwanza nilinunua stendi ya simu, zile za plastiki za kukunja, kama elfu tano au sita hivi. Kwa kuangalia video ni nzuri. Kwa kazi yangu haikufaa, maana ukigusa juu ya kioo, simu inalala chali na stendi yake. Nikajaribu kulaza simu juu ya kaunta yangu ya kioo. Kitochi kikawa kinakimbia. Nikibonyeza nyota kinasogea, nikibonyeza moja kinasogea tena, na kabla sijafika kwenye kiasi menyu imeshakatika, naanza upya na foleni inanitazama. Mama mmoja aliyekuwa anawahi basi aliondoka bila kuhudumiwa, na iliniuma sana.

Mchana huo nikaenda kwa mzee anayetengeneza baiskeli upande wa pili wa barabara.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Pole na mkono."
Nikamweleza simu inavyokimbia. Hakusema kitu. Akachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaipasua kwa urefu, akaikata vipande viwili vya urefu wa kiganja, akavifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Nilitaka kumpa buku, akakataa, akachukua mia tano ya maji ya kunywa. Nilipoweka kitochi juu ya kile kipande cha mpira, upande wa ndani wa tyubu ukiwa juu, kilikaa kama kimegundishwa. Nilibonyeza menyu nzima, kutoka nyota ya kwanza hadi namba ya siri, na hakikusogea hata nywele moja. Mtu mwingine ataona ni kipande cha tyubu tu. Mimi nilisimama pale nikajisikia nimerudishiwa kazi yangu.

Likabaki la macho ya watu. Mkono wangu wa kulia ndio uliokuwa unafunika namba ya siri, na sasa ulikuwa umelala juu ya mto wake, sina cha kufunikia. Wateja wanaegemea kaunta, wengine hawana nia mbaya, lakini macho hayana pazia. Nikachukua boksi la viatu vya binti yangu, nikakata upande mmoja mfupi wote, nikaliinamisha juu ya kile kipande cha mpira, mdomo ukinielekea mimi. Kitochi kiko ndani, natia mkono wa kushoto kama anayetoa yai kwenye kiota, nabonyeza, natoa. Mteja anaona boksi. Faida ya pili sikuitarajia: jua la saa tisa ambalo hunifanya nikodoe macho kusoma salio halikuingia mle. Ndani ya boksi, ukutani, nikabandika kikaratasi cha namba za menyu ninazozitumia mara nyingi ili nisipoteze muda. Namba ya siri usiibandike popote, hata kwenye boksi lako mwenyewe. Zile namba za nyota za kufungulia menyu nikazihifadhi kwenye majina ya simu, kila mtandao kwa jina lake, nikawa napiga kama ninayempigia mtu.

Simu janja ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa inafunguka kwa dole gumba la kulia, kwa hiyo nikasajili kidole cha shahada cha kushoto. Kibodi ya Google ina sehemu ya mkono mmoja: unabonyeza kitufe cha mkato bila kuachia, kinatokea kialama, unakichagua, na kibodi yote inasogea upande unaoutaka. Ukiwa unatembea inafaa. Ukiwa umekaa mezani iache pana, maana unatumia kidole cha shahada, si dole gumba. Nasisitiza hili kwa sababu wiki ya tatu shina la dole gumba langu la kushoto lilianza kuuma kwa kushika na kuandika kwa mkono huohuo, na mtu mwenye mkono mmoja mzima hana ruhusa ya kuuchosha. Jingine ni kupiga picha ya skrini, ambayo kwenye simu yangu inataka vitufe viwili kwa pamoja. Kwenye mipangilio ya ufikivu kuna menyu inayoweka kitufe kwenye skrini, ndani yake kuna picha ya skrini, sauti na kufunga simu, vyote kwa mguso mmoja. Nimeitumia simu miaka mingi bila kujua ipo.

Na wale walioniambia "andika kwa sauti". Ni kweli Kiswahili kinaandikika kwa kusema, Google waliiweka lugha yetu huko tangu 2017, na usiku nyumbani nimeandika ujumbe mrefu kwa ndugu zangu bila kugusa herufi. Kibandani ni habari nyingine. Nilisema ujumbe wa kuomba floti, na katikati ya sentensi yangu kondakta nje akaita "Dodoma, Dodoma, moja ya mwisho", na vyote vikaandikwa. Kelele unaweza kuifuta. Hatari yenyewe iko kwenye hesabu. Ukisema "elfu ishirini na tano", mmoja atasoma 25,000 na mwingine 20,005, na ukitamka haraka hujui simu imechagua ipi. Basi nikajiwekea utaratibu: maneno kwa sauti, tarakimu kwa kidole, na kabla ya kutuma narudia kusoma tarakimu kutoka kulia kwenda kushoto, moja moja.

Wiki ya sita hogo likakatwa. Mkono ukatoka mwembamba, ngozi inachambuka, na kiganja hakikutaka kugeuka kutazama juu, ambavyo ndivyo unavyoshika simu. Nikapewa mazoezi ya kuugeuza, nayafanya nikiwa nimeshika mwiko wa ugali. Ilichukua kama miezi miwili hivi kabla sijaiamini simu kwenye mkono huo.

Boksi la kwanza lililowa na mvua za vuli, nikatengeneza la pili. Kipande cha tyubu ni kilekile. Na namba ya siri mpaka leo naibonyezea mle ndani, kwa kushoto.